Kufunga Sensa ya Kasi ya Turbo na Kuiunganisha na ECU kwa Magari ya Kupanda Milima

Mita ya busti (shinikizo ambalo turbo huongeza kwenye hewa ya injini) haijui turbo inazunguka kwa kasi gani. Inachojua ni shinikizo la hewa iliyofika kwenye manifoldi (bomba linalogawa hewa kwa silinda), basi. Kwa mtu anayeendesha Mombasa pekee, hilo linaweza kupita. Kwa anayeondoka Kisumu asubuhi, akapanda Kericho, akapita Mau Summit na kuteremka Nakuru kabla ya saa sita, ujinga huo wa mita ndio unaokula turbo.

Hesabu yenyewe ni hii. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapo ina shinikizo la takriban kilopaskali 88. Nakuru, mita 1,850 hivi, ni kama 82. Timboroa, kwenye barabara ya Eldoret, zaidi ya mita 2,700, ni kama 73. Mombasa ni 101. Sasa tuseme ECU yako (kompyuta ya injini) imeambiwa ishike kilopaskali 200 kamili, yaani pamoja na shinikizo la hewa ya nje, kwenye manifoldi, popote gari lilipo. Mombasa turbo inazidisha hewa mara 1.98. Kisumu ni mara 2.27, Nakuru 2.44, na Timboroa 2.74. Kwenye skrini ya kompyuta namba ni ile ile, 200, na dereva hasikii tofauti yoyote. Lakini ili ifikie uwiano wa 2.74 kompresa (upande wa turbo unaosukuma hewa) lazima izunguke kwa kasi kubwa kuliko ilivyozunguka pwani, na kila turbo ina kasi ambayo ikivukwa, gurudumu la kompresa linaweza kupasuka au beringi ya msukumo ikaliwa.

Gari lenye springi ya westigeti (vali inayopitisha moshi wa eksosi kando ya turbo) peke yake, bila solenoidi (vali ya umeme ambayo ECU hudhibitia busti), lina nafuu kidogo. Springi hupima tofauti kati ya busti na hewa ya nje, kwa hiyo ukipanda mlima busti kamili hushuka yenyewe. Hata hivyo uwiano bado unapanda: springi ya kilopaskali 70 inatoa uwiano wa 1.69 pwani na 1.96 Timboroa. Wenye hatari kubwa zaidi ni wale waliofunga ECU ya kisasa inayoshika busti kwa nguvu, yaani karibu kila Subaru iliyoguswa na fundi wa kutuni injini mjini Nakuru.

Mwongozo huu ni wa fundi au mwenye gari aliyekwisha funga ECU ya kujitegemea, kama Link, Haltech, ECUMaster au MoTeC, na anayejua kufungua programu yake kwenye laptopu. Kama bado unatumia ECU ya kiwandani ya gari dogo kutoka Japani, kuna uwezekano mkubwa haina mahali pa kupokea sensa hii. Usikate waya za kiwandani ukitafuta. Nunua mita ya kujitegemea inayosoma sensa moja kwa moja, kisha ufuate sehemu za kutoboa na kuhesabu mapanga (mabawa ya gurudumu la kompresa) hapa chini, zinakuhusu vilevile.

Chagua sensa inayolingana na turbo

Sensa za kawaida ni za aina tatu, na kuzichanganya ni kupoteza pesa.

Ya kwanza husoma mapanga ya kompresa yenyewe. Ncha yake hutoa uga mdogo wa sumaku, na panga la alumini likipita mbele yake uga huo huvurugika. Hii ndiyo inayotumika sana kwenye turbo za mashindano za Garrett na BorgWarner, na nyingi kati ya turbo hizo huja na tundu au kivimbe kilichoandaliwa kiwandani kwenye kasha la kompresa. Kama gurudumu lako ni la titani, hakikisha karatasi ya sensa inasema wazi kwamba inasoma titani. Metali hiyo haipitishi umeme vizuri kama alumini, na sensa nyingine hazitaiona.

Ya pili ni ya koili na sumaku, isiyohitaji umeme wa kuiwasha. Husoma bapa au alama kwenye shafti ya chuma, katikati ya turbo. Utaikuta kwenye turbo za Holset za malori yenye injini za Cummins. Hii haisomi alumini hata ukiisogeza kiasi gani. Mawimbi yake hupanda na kushuka chini ya sifuri, kwa hiyo lazima yaingie kwenye ingizo la ECU lililoundwa kwa sensa za aina hiyo, kama zile za kranki.

Ya tatu hutumia nati yenye sumaku inayofungwa mwisho wa shafti upande wa kompresa, na sensa hukaa nje ya mdomo wa kuvutia hewa. Faida yake ni kwamba hutoboi kasha. Kwa turbo ndogo za Subaru zisizo na tundu, mimi ningeanza kuitafuta hii kabla ya kuwaza keekee. Ila nati lazima iwe imetengenezwa kwa turbo hiyo hasa, kwa sababu uzito usio sawa kwenye kitu kinachozunguka zaidi ya mara 2,000 kwa sekunde hauna mzaha. Tena usisahau kwamba nati hizo hukazwa kwa kipimo maalum, na baadhi ya shafti zina uzi wa kushoto.

Maelezo yanayofuata yanahusu zaidi aina ya kwanza, kwa sababu ndiyo yenye kazi.

Kutoboa na kuketisha sensa

Kama kasha lina kivimbe tayari, toa plagi, safisha uzi, na uruke hadi kwenye nafasi ya ncha. Kama halina, vua kasha la kompresa kabisa kwanza. Kabla ya kuvua, weka alama kwa msumari au rangi kwenye kasha na kwenye mwili wa turbo, ili urudishe kwa pembe ile ile. Mtu akikwambia anaweza kutoboa turbo ikiwa juu ya gari na "kuvuta takataka kwa sumaku", kumbuka kwamba alumini haivutwi na sumaku.

Mahali pa kutoboa ni pale ambapo ukingo wa panga unapita karibu kabisa na ukuta wa kasha, kwenye mkunjo wa ndani. Sensa iingie kwa pembe mraba dhidi ya ukuta huo, isiingie kwa mshazari. Pembe hii ndiyo inayofanya kazi iwe ya mashine, isiwe ya mkono. Peleka kasha kwa mtu wa leithi mwenye mashini ya kuchonga metali. Eneo la Viwanda la Nakuru wapo, na Kisumu wapo pia. Mpe sensa yenyewe mkononi, si picha yake. Apime unene wa ukuta kwanza, atoboe tundu dogo la kuongoza, apanue, kisha akate uzi. Tundu likishatoka, kingo za ndani zisuguliwe taratibu mpaka kidole kisikwame, na kasha lioshwe kwa sabuni na maji ya moto, kisha lipulizwe. Punje moja ya alumini ikibaki itaingia kwenye intakula (kipoza hewa ya turbo), na siku moja itafika kwenye silinda.

Nafasi kati ya ncha na mapanga hutegemea sensa, na mara nyingi ni chini ya milimita 1. Soma karatasi iliyokuja nayo. Kanuni isiyobadilika ni kwamba ncha isitokeze ndani ya ukuta hata kidogo. Iwe sawasawa na ukuta au imerudi nyuma kwa unywele. Ikirudi nyuma sana ishara inakuwa dhaifu kwenye kasi kubwa, na shimo linaloachwa linavuruga hewa. Ikitokeza, shafti inapocheza kidogo tu mapanga yatagonga, na huo ni mwisho wa gurudumu.

Njia ya kukagua: paka ncha wino wa maka, funga kasha, zungusha gurudumu kwa kidole huku ukilisukuma pande zote nne na kulivuta mbele na nyuma. Vua tena, utazame ncha. Wino ukikwaruzwa, rudisha sensa nyuma. Kama shafti yenyewe inacheza kiasi cha mapanga kugusa ukuta bila sensa, acha kazi hapo na utengeneze turbo kwanza.

Kaza nati ya kufungia ili sensa isijizungushe kwa mtikisiko. Barabara ya vumbi ya Njoro itaizungusha usipoifunga.

Hesabu mapanga, kisha uhesabu tena

Magurudumu mengi ya kompresa yana mapanga marefu na mafupi yaliyopangwa kwa zamu, kwa mfano marefu 6 na mafupi 6. Mafupi huanza nyuma kidogo ya yale marefu. Kama ncha ya sensa iko mbele, karibu na mdomo, itaona 6 tu. Kama iko nyuma zaidi itaona 12. Kwa hiyo kabla hujaweka sensa angalia kupitia tundu lake ni mapanga yapi yanayopita mbele, na uandike namba hiyo kwenye karatasi kabla kasha halijafungwa kabisa. Ukikosea hapa, kasi itasomeka nusu au mara mbili, na ECU itailinda turbo ya kufikirika.

Waya

Sensa ya kusoma mapanga huwa na waya tatu: umeme, ethi na ishara. Rangi hutofautiana kati ya watengenezaji, na hakuna desturi ya kuaminika. Fuata karatasi. Angalia hasa kama inataka volti 5 au volti 12, maana sensa ya volti 5 ikipewa umeme wa betri haitakupa nafasi ya pili. Umeme wa volti 5 uutoe kwenye pini ya ECU ya kulishia sensa. Ethi nayo irudi kwenye pini ya ethi ya sensa ya ECU. Usiifunge kwenye bloku ya injini au kwenye bodi. Tofauti ndogo ya umeme kati ya bloku na ECU wakati altaneta inachaji inatosha kuleta mapigo (ishara za umeme ambazo ECU huhesabu) ya uongo.

Tumia kebo yenye wavu wa kukinga kutoka sensa hadi ECU. Wavu huo ufungwe upande mmoja tu, ule wa ECU. Upande wa sensa uukate na kuufunika. Usiilaze kebo sambamba na waya za koili za plagi, injekta au altaneta. Ikilazimika kukatiza, ikatize kama msalaba. Na kwa kuwa turbo inakaa jirani na eksosi, pitisha kebo ndani ya soksi ya kuzuia joto. Hewa inayotoka kwenye kompresa kwa uwiano wa 2.5 inaweza kufika nyuzi 150, na upande wa tabaini, unaozungushwa na moshi wa eksosi, ni moto zaidi ya hapo kwa mbali. Kama sensa ina kiboksi chake cha elektroniki, kifunge kwenye ukuta wa kabini, mbali na injini.

Sensa nyingi hutoa ishara kwa kuvuta waya hadi ethi na kuuachia. Zinahitaji rezista ya kuvuta juu hadi volti 5. ECU nyingi za kisasa zina rezista hiyo ndani na huwashwa kwa kubofya tu kwenye programu. Kama yako haina, weka ya ohmu 1,000 kati ya ishara na volti 5. Rezista kubwa sana hufanya mapigo yapande polepole, na kwenye kasi kubwa ECU huanza kuyakosa.

Hesabu ya kuingiza kwenye ECU

Ingizo la kidijitali la ECU lina kikomo cha mapigo kwa sekunde linachoweza kusoma. Kabla ya kuchagua pini, piga hesabu ya kasi ya juu kabisa. Mizunguko 120,000 kwa dakika ni 2,000 kwa sekunde. Kwa mapanga 12 hayo ni mapigo 24,000 kwa sekunde, ambayo ECU nyingi hazitayaweza. Ndiyo maana sensa nyingi za kununua zina kigawanyaji ndani, kwa mfano kwa 8, na mapigo 24,000 yanakuwa 3,000. Linganisha namba hiyo na kikomo kilichoandikwa kwenye kitabu cha ECU. Maingizo mengine, hata ya kasi ya magurudumu ya gari, yanaweza kuwa na kikomo kidogo, kwa hiyo yasikuvutie kwa sababu tu yako wazi.

Kanuni ni hii: kasi ya turbo ni mapigo kwa sekunde, mara 60, mara kigawanyaji, gawanya kwa idadi ya mapanga. Kwa mapanga 12 na kigawanyaji 8, kila pigo kwa sekunde ni mizunguko 40 kwa dakika. Kwa mapanga 6 ni 80. ECU nyingine hukuuliza mapanga na kigawanyaji moja kwa moja, nyingine hutaka hiyo 40 peke yake, na nyingine hutaka mapigo kwa mzunguko mmoja, ambayo kwa mfano wetu ni 12 gawanya kwa 8, yaani 1.5. Soma swali kabla ya kujibu.

Washa rezista, chagua ukingo wa kushuka au wa kupanda kama karatasi inavyosema, na uweke kichujio kidogo tu. Kichujio kikubwa hutoa mstari mzuri wa kutazama na ulinzi unaochelewa.

Hakiki kabla ya kuamini

Swichi ikiwa imewashwa na injini imezimwa, kasi iwe sifuri na ibaki sifuri. Ikirukaruka, tatizo liko kwenye ethi, kwenye wavu au kwenye rezista. Usijaribu sensa kwa kupuliza turbo kwa hewa ya kompresa ya gereji, maana beringi itazunguka bila mafuta.

Washa injini. Ikiwa ailo (inanguruma bila kukanyagwa mafuta) na imepata joto, turbo nyingi za magari madogo huzunguka kati ya elfu kumi na elfu thelathini hivi. Ukiona 160,000 ailo, kigawanyaji kimeingizwa mara mbili. Ukiona 2,000, hakikuingizwa kabisa.

Kipimo cha kweli ni ramani ya kompresa ya turbo yako, ile yenye mistari ya kasi inayopinda kulia. Rekodi mvuto mmoja wa gia ya tatu, ukikanyaga mafuta hadi mwisho, kwenye daino (mashine ya kupimia nguvu ya gari) au uwanja uliofungwa. Mteremko wa Salgaa na Sachang'wan una malori ya kutosha bila wewe. Chukua shinikizo baada ya kompresa, gawanya kwa shinikizo la mahali ulipo ukiondoa kilopaskali chache zinazopotea kwenye filta, upate uwiano. Kadiria mtiririko wa hewa kutoka kwenye ECU. Tafuta nukta hiyo kwenye ramani na usome mstari wa kasi ulio karibu. Kasi za ramani zimesahihishwa kwa joto fulani la hewa: kama ramani ni ya nyuzi 25 na hewa yako inaingia ikiwa 50, gawanya kasi uliyorekodi kwa 1.04 kabla ya kulinganisha. Zikikaribiana, umemaliza. Zikipishana mara mbili kamili, rudi kwenye ile karatasi ya mapanga.

Angalia pia umbo la mstari. Shafti ina uzito, haiwezi kuruka kutoka 90,000 hadi 130,000 na kurudi kati ya nukta mbili za rekodi. Miiba ya namna hiyo ni kelele za umeme, na ikitokea kila injini ifikapo mizunguko ile ile, washuku koili.

Weka mipaka

Kasi ya juu inayoruhusiwa isome kwa mtengenezaji au kwenye mstari wa mwisho wa ramani. Tuseme ni 150,000. Mimi ningewasha taa ya onyo 140,000, ningeanza kupunguza asilimia ya solenoidi ya busti 143,000, na kukata injini 148,000. Nafasi hizo zinaonekana kubwa, lakini turbo inayopanda kwa kasi hupita elfu kadhaa kabla westigeti haijafunguka.

Kisha tengeneza jedwali la lengo la busti linalofuata shinikizo la hewa ya nje. ECU yako lazima iwe na sensa ya hewa ya nje, au ichukue namba hiyo kutoka manifoldi kabla injini haijawaka. Njia ya pili ina dosari kwetu: ukiwasha gari Nakuru na kulizima Kisumu, kati ya hapo ECU inaamini bado uko Nakuru. Sensa ya kudumu ni bora. Anza kwa kutafuta kasi ya turbo kwenye busti unayoipenda ukiwa Nakuru, halafu panda hadi Timboroa na upunguze lengo mpaka kasi ibaki chini ya onyo. Mistari ya katikati utaijaza kwa kukadiria.

Kuna kinga moja inayosahaulika. Sensa ikikatika waya husoma sifuri, na kwa ulinzi ulioweka sifuri ni salama kabisa. Iambie ECU kwamba busti ikizidi kilopaskali 50 juu ya hewa ya nje huku kasi iko chini ya 20,000, hilo ni kosa: iwashe taa na irudi kwenye busti ya springi.

Kusoma rekodi baadaye

Hapa ndipo sensa inapolipa gharama yake. Hifadhi rekodi moja ya gari likiwa zima: busti, kasi ya turbo, asilimia ya solenoidi, joto la hewa, mahali. Ukiona baadaye busti ile ile, mahali pale pale, lakini turbo inazunguka elfu nane zaidi, kuna hewa inapotea au inazuiwa. Mara nyingi ni hosi ya intakula iliyopasuka upande wa chini usioonekana, au klipu iliyolegea. ECU inashika busti kwa kuizungusha turbo zaidi, na dereva anaapa gari liko sawa.

Filta ya hewa iliyojaa vumbi hufanya hivyo hivyo kwa upande mwingine. Ikipoteza kilopaskali 6 pale Timboroa, kompresa inavuta kutoka 67 badala ya 73, na uwiano wa kufikia 200 unatoka 2.74 hadi 2.99. Filta hiyo hiyo pwani ingeutoa kwenye 1.98 hadi 2.11 tu. Kama unashiriki mbio za vumbi, badilisha filta kwa kutazama kasi ya turbo kwenye rekodi, usingoje kilomita.

Kila unapovua hosi ya kuingizia hewa, futa ncha ya sensa kwa kitambaa. Ukungu wa mafuta ukichanganyika na vumbi hutengeneza gamba jembamba, na ingawa sensa husoma kupitia gamba hilo, mapanga yanaweza kuligonga. Kagua nati ya kufungia wakati huo huo.